Injini Baridi Haifichi Kitu: Vidokezo kwa Wenye Magari ya Spoti ya Zamani

Simama pembeni mwa barabara ya Kakamega kwenda Kisumu pale Mukumu jioni ya Jumamosi, utazisikia kabla hujaziona: Impreza WRX za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Celica, Altezza, mara mojamoja BMW ya milango miwili iliyoshushwa hadi inaogopa matuta. Mapenzi haya hayakuanza jana. Wakenya waliiona Datsun 240Z ikishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Wakaiona Toyota Celica Turbo ikishinda mara tatu mfululizo kuanzia 1984, Ian Duncan akishinda na Celica mbele ya watu wa nyumbani mwaka 1994, kisha Colin McRae na Impreza ya buluu mwaka 1997. Aliyekuwa mtoto akishangilia vumbi hilo leo ana mshahara wake, na gari alilolitamani limefikisha miaka ishirini na zaidi.

Gari hilo haliwezi kuagizwa tena kutoka Japani. Kanuni ya KEBS hairuhusu gari la kawaida kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo WRX iliyoko sokoni leo imeshapita mikono mingi. Stakabadhi za sevisi zimepotea, na kila mwenye gari anayeuza atakwambia lilikuwa la daktari au la mwalimu. Injini yenyewe ndiyo shahidi uliyebaki naye, na husema mengi zaidi inapowashwa ikiwa baridi. Usiku kucha oili imeshuka yote kwenye sampu, vyuma vimesinyaa, mianya imepanuka. Ikishapata joto, nusu ya ushahidi umepotea. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza sauti inaanza lini na inanyamaza lini, ndipo niulize inasikikaje.

1. Likute gari likiwa baridi kabisa

Injini iwe imelala usiku mzima. Kakamega iko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri hapa inatosha kabisa kwa kazi hii. Ukienda kununua, mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti hata kabla salamu hazijaisha. Kuna joto? Mwambie kwa upole utarudi kesho asubuhi. Anayejua gari lake ni zima hataona tabu kukungoja.

2. Dipstiki kwanza, ufunguo baadaye

Vuta dipstiki, ipanguse, irudishe, uivute tena. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye magari mengi kuna takriban lita moja, na Subaru za turbo zinajulikana kwa kula oili. Ikiwa chini ya alama ya chini, usiwashe. Ongeza kwanza, kwa sababu sauti utakayoisikia bila oili ya kutosha haitakueleza tatizo, itaongeza tatizo.

Nusa. Oili inayonuka petroli imechanganyika na mafuta yasiyoungua. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Hapa niongeze neno kwa wenzangu wa Kakamega: mji wetu hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na gari linalokwenda tu sokoni na kurudi hukusanya utando mweupe chini ya kifuniko cha oili kwa ajili ya unyevu. Utando huo peke yake usikutie hofu. Kagua dipstiki na kiwango cha maji ya radieta kabla ya kuitangaza gasketi ya hedi kuwa imekufa.

3. Geuza ufunguo nusu, unyamaze

Ufunguo ukifika kwenye hatua ya kuwasha taa za dashibodi, kabla ya kupiga stata, utasikia mvumo mdogo kutoka nyuma kwa muda wa sekunde mbili hivi. Hiyo ni pampu ya petroli inajaza mfumo. Usipoisikia na gari likagoma, anzia kwenye fyuzi na rilei ya pampu.

Tazama pia taa ya oili na taa ya injini. Katika hatua hii zote mbili lazima ziwake. Taa ya oili isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa balbu, na anayeng'oa balbu ya oili ana jambo analolificha.

4. Stata inazungumza kabla ya injini

Sauti ya kwanza utakayoisikia ni ya stata, na wengi huilaumu injini kwa makosa yake.

Tatatatata ya haraka huku taa zikififia: betri haina nguvu, au vichwa vya nyaya juu ya betri vimeota unga mweupe. Hii ndiyo shida inayotokea sana, na ndiyo rahisi kuitibu. Pima kwa mita. Betri nzima iliyotulia husoma volti 12.6 hivi, na stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6. Kabla hujanunua betri mpya, fungua vichwa hivyo, visugue kwa msasa, uvikaze, halafu ufuate waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na uusafishe hapo pia.

Ka! moja tu, taa haziyumbi, injini haizunguki: mara nyingi shaba za ndani ya solenoidi ya stata zimelika. Kwenye stata nyingi za Denso, zilizojaa ndani ya Toyota, vipande hivyo vya shaba hubadilishwa peke yake. Muulize fundi wa umeme kuhusu shaba kabla hujakubali bei ya stata nzima.

Krrraa! ya chuma kukwaruza chuma: meno ya stata hayaingiani vizuri na meno ya flaiwili. Acha kurudia. Kila jaribio linanyoa meno, na flaiwili haifikiwi bila kushusha gia boksi.

Wiii, stata inazunguka peke yake na injini imetulia: bendiksi imechoka, haishiki tena.

Kuna nyingine ambayo ningependa kila mwenye gari aijue. Injini nzima ikizungushwa na stata hutoa mdundo ulio sawa: rru-rru-rru-rru. Kila rru ni silinda moja inabana hewa. Mdundo ukiwa na pengo, rru-rru-rru-fii, kuna silinda isiyobana. Mdundo ukipotea kabisa, injini ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida na isishike, mkanda wa taimingi huenda umekatika au umeruka meno. Acha hapohapo. Usirudie ufunguo, na usiwaite vijana waje kusukuma. Kwenye EJ20 ya kamshafti nne, ambayo ndiyo injini ya WRX, pistoni na valvu hutumia nafasi moja kwa zamu, na mkanda ndio unaopanga zamu. Ukizidi kuizungusha, unazidi kupinda valvu.

Na ukisikia gdu! kisha kila kitu kikasimama, jana yake ulipita kwenye maji barabarani? Magari mengi ya spoti yamefungwa filta ya hewa ya kienyeji iliyoshushwa chini karibu na bampa, nayo hufyonza maji. Maji hayabaniki. Fundi atoe plagi zote kwanza, azungushe injini maji yatoke, ndipo muendelee. Kulazimisha stata hapo kunapinda konrodi.

5. Tenga ngoma kubwa na ngoma ndogo

Injini ikishashika, kuna sauti kadhaa kwa pamoja, na sikio la mgeni huzisikia kama kelele moja. Aliyekulia Shinyalu au Ikolomani ana faida hapa. Isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014, hupigwa kwa ngoma kubwa, ya kati na ndogo, na mtoto wa Isukha au Idakho huzitenga bila kufikiri. Sikiliza injini hivyo hivyo. Sauti nyembamba na kali hutoka kwenye valvu, injekta au mwanya wa ekzosti. Sauti nene hutoka kwa krankshafti, konrodi na pistoni.

Mwendo wa sauti nao unasaidia. Kamshafti huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili, kwa hiyo kinachogonga kwenye valvu hugonga kwa nusu ya mwendo wa injini. Injini iliyotulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika itatoa tik 400 kwa valvu moja mbovu. Ukisikia mgongano unaokwenda mbio kuliko hapo, elekeza sikio chini.

Kwenye Subaru kumbuka jambo moja zaidi. Pistoni zake zimelala, mbili kila upande, kwa hiyo valvu haziko juu. Ziko pembeni, karibu na magurudumu. Fundi aliyezoea Toyota akiinama katikati ya boneti la Impreza kutafuta mlio wa valvu, anasikiliza mahali pasipo na valvu.

6. Rekodi

Mtu mmoja awashe, mwingine ashike simu. Rekodi mbele, halafu upande wa kushoto, wa kulia na nyuma kwenye bomba, asubuhi tofauti. Sauti ya baridi ina tabia ya kutoweka njiani kwenda gereji, na fundi hawezi kutibu asichokisikia.

7. Sekunde mbili tatu za mwanzo

Shraa! fupi mbele ya injini, kisha kimya. Kwenye injini za cheni, kama SR20 ya Nissan au K20 ya Honda, kikaza cheni hutegemea presha ya oili, na oili inahitaji muda mdogo kupanda. Sekunde moja ya mlio kwenye injini iliyokula kilomita nyingi, iandike tu na ubadilishe oili kwa wakati. Mlio ukizidi sekunde tatu, au ukirefuka mwezi baada ya mwezi, cheni imelegea au kikaza kimechoka.

EJ20 haina cheni ya taimingi. Ina mkanda, na mkanda huo una kikaza chake chenye oili ndani. Kikaza kikivuja, utasikia tak-tak-tak nyuma ya kava la plastiki mbele ya injini, hasa kukiwa na baridi. Ukisikia hivyo usifikirie mara mbili. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na unapobadilishwa, badilisha pamoja nao kikaza, roli zake na pampu ya maji, kwa maana pampu ya maji ya injini hii huzungushwa na mkanda huohuo. Roli ikinata, mkanda mpya hauna msaada. Muuzaji akisema mkanda ulibadilishwa lakini hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa na upunguze bei.

Filta ya oili nayo huchangia mlio wa mwanzo. Ndani ya filta nzuri kuna mpira unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Pale filta ilipolala kiubavu, filta ya bei ya kutupa huiachia oili yote, na kila asubuhi injini huanza ikiwa kavu. Kwenye EJ20 filta husimama mdomo ukitazama juu, oili hubaki ndani yake hata hivyo. Kwa hiyo mlio mrefu kwenye Subaru usiutupie filta haraka.

8. Tik-tik inayokwisha ikipata joto

Hapa ndipo pesa za bure hupotea, kwa sababu mambo matatu tofauti hutoa sauti zinazokaribiana, na yote matatu hupungua injini ikipata joto.

La kwanza ni ekzosti. Gasketi iliyoungua au ufa kwenye bomba linalopeleka moshi kwenye turbo hutoa ts-ts-ts kali. Chuma kikipata moto hupanuka, ufa unajifunga, sauti inakufa. Kwenye WRX bomba hilo limefichwa nyuma ya mabati ya kuzuia joto, kwa hiyo macho hayatoshi. Tafuta masizi meusi kwenye maungio. Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia, shikilia ncha moja sikioni na nyingine ipitishe karibu na maungio bila kugusa. Au mtu azibe bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache wakati injini bado ni baridi: kama kuna mwanya, mlio utaongezeka pale pale ulipo. Usilipuuze hili kwa kuwa ni dogo. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, na hupenya ndani ya gari kupitia matundu ya hewa.

La pili ni pistoni. Pistoni za EJ zina sketi fupi, na zikiwa baridi hucheza kidogo ndani ya silinda. Utasikia kla-kla-kla butu, nene kuliko ile ya ekzosti, inayoonekana zaidi ukigusa mafuta kidogo. Ikiisha ndani ya dakika chache, gari linaweza kuishi nayo miaka. Liendeshe polepole hadi lipate joto, basi. Ikibaki hata sindano ya joto ikifika katikati, silinda zimelika.

La tatu ni lifta za oili zilizomo kwenye baadhi ya EJ20 za mapema. Lifta iliyokauka hugonga tik-tik nyembamba hadi oili iijaze. Mara nyingi oili mpya ya gredi sahihi na safari ya kutosha ya kwenda Kisumu na kurudi huinyamazisha, jambo ambalo safari za Lurambi hadi mjini haziwezi.

9. Ko-ko-ko nzito: zima

Kama kuna kidokezo kimoja cha kukisoma mara mbili, ni hiki. Konrodi hushika krankshafti kupitia beringi nyembamba, na kati ya beringi na krankshafti kuna utando wa oili tu. Oili ikipungua, ikichakaa, au gari likikatwa kona kwa kasi huku oili iko chini ya alama, utando huo hukatika. Beringi hulika, mwanya unaongezeka, na konrodi inaanza kugonga. Ndiko huko Wakenya tunakokuita kunoki, na kwa EJ20 ya turbo ndiyo ajali inayozimaliza nyingi.

Sauti yake ni nene na inatoka ndani. Inafuata mwendo wa injini: ukikanyaga mafuta inaongeza kasi, ukiachia kwenye mizunguko 2,500 au 3,000 inatoa mgongano wa haraka kabla ya kutulia. Tofauti yake kubwa na pistoni ni saa yake. Pistoni hulia baridi na kunyamaza ikipata joto. Konrodi inaweza kuanza kimya kwa kuwa oili baridi ni nzito na inajaza mwanya, halafu inaongezeka kadiri oili inavyokuwa nyepesi. Sauti inayozidi na joto ni adui.

Ukiisikia, zima. Usiliendeshe hadi gereji, hata kama gereji iko ng'ambo ya barabara. Ita gari la kuvuta. Umbali kati ya beringi za bei nafuu na konrodi inayotoboa blokii unaweza kuwa kilomita mbili.

Uthibitisho hauhitaji kubomoa injini. Fundi amwage oili kwenye beseni safi na aitazame juani: chembe zinazometameta, za rangi ya fedha au shaba, zinatoka kwenye beringi. Usitegemee sumaku peke yake, kwa sababu tabaka la juu la beringi halinaswi na sumaku. Kisha akate filta kwa msumeno, atoe karatasi yake, aikunjue na kuikamua. Filta haisemi uongo, kwa maana sehemu kubwa ya kilicholika hupita humo. Njia nyingine ni kuchomoa plagi ya waya ya injekta moja moja injini ikiwa imezimwa, kisha kuiwasha kwa sekunde chache. Silinda isiyopata petroli haisukumi konrodi yake, kwa hiyo mgongano ukipungua ghafla umeshajua ni ipi. Achomoe injekta, si koili, ili petroli isiyoungua isimwagike kwenye katalisti.

Taa ya oili ikiendelea kuwaka zaidi ya sekunde chache baada ya injini kushika, amri ni ileile: zima, hata kama husikii kitu.

10. Mkanda unaolia baada ya mvua

Wiiik! ya juu kila asubuhi baada ya mvua ya jioni, na Kakamega hiyo ni asubuhi nyingi. Ni mkanda wa alternata au wa stelingi. Injini ikiwa imewaka, nyunyiza maji kidogo sana upande wa ndani wa mkanda. Kelele ikikoma kwa muda kisha ikarudi, puli hazijanyooka mstari mmoja au mifereji ya mkanda imelika. Ikizidi, mkanda umelegea. Funga nywele, lesso, tai na mikono mirefu ya shati kabla hujainama pale, na ukae mbali na feni ya radieta, ambayo hujiwasha yenyewe.

Mvumo wa nguu-nguu usiobadilika na maji ni beringi ya alternata au ya roli. Wenye Datsun na Celica za distribyuta wafungue boneti gizani: cheche za buluu zikiruka juu ya nyaya za plagi, nyaya zimechoka na unyevu umepata njia.

11. Sauti ambazo hazina kosa

Mvumo wa bururu-bururu wa Impreza ni wa kuzaliwa. Mabomba yanayotoka kwenye silinda hayalingani urefu, kwa hiyo moshi hufika kwenye turbo kwa zamu zisizo sawa. Waliofunga mabomba yaliyolingana wamepoteza sauti hiyo kwa hiari yao.

Injekta hutoa tik ndogo za haraka. Injini baridi huzunguka juu kidogo kwa dakika moja mbili kisha hushuka. Baadhi ya BMW na Porsche za miaka hiyo zina pampu ya hewa inayovuma kwa nguvu kwa dakika moja hivi baada ya kuwashwa baridi, ikisaidia katalisti kupata moto, halafu hujizima. Mluzi wa turbo ni wa kawaida ukiwa barabarani. Ukiusikia kama king'ora gari likiwa limesimama, beringi za turbo zitazamwe.

12. Kagua wageni

Panya wa Kakamega hupenda joto la injini iliyozimwa jioni. Hujenga ndani ya boksi la filta ya hewa na hutafuna nyaya. Kuku nao. Ganda la hindi lililonaswa kwenye feni hutoa tak-tak ya kutisha, na bati la kuzuia joto lililolegea kwa kutu hutetemeka hadi mtu afikirie injini imekufa. Ligonge kwa ngumi gari likiwa baridi. Likijibu kwa mlio uleule, klempu moja inamaliza kazi.

13. Bisibisi ndefu, kisha maneno machache

Kifaa bora cha kusikilizia kiko kwenye kila kisanduku cha jua kali. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava la valvu, kwenye kava la mkanda, kwenye sampu, na mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Pale sauti inapokuwa kali zaidi ndipo ilipo. Usiguse karibu na mkanda unaozunguka.

Ukifika kwa fundi, usimwambie "nadhani ni lifta". Mwambie: inaanza baridi, inakaa dakika tatu, inaongezeka nikikanyaga, inatoka upande wa kulia. Mpe rekodi. Kisha mkubaliane kwamba hakuna boliti ya injini itakayofunguliwa kabla hujaona filta iliyokatwa, na kila spea iliyotolewa irudishwe mkononi mwako. Fundi mzuri hufurahi kuulizwa hivyo, nao wapo wengi hapa mjini, wenye masikio ambayo hakuna mashine inayoyapita.

14. Jihadhari na injini iliyonyamazishwa

Oili nzito hufunika mianya. Muuzaji akitia 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30, au akamimina dawa nzito za chupa, mgongano hupungua kwa wiki moja mbili. Uliza gredi iliyomo. Shika tone kati ya vidole: likivutika nyuzi, kuna dawa ndani. Gari unalolipenda na ambalo limebaki zima, lipe gredi ya kitabu chake na uibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa barabara na petroli ya Japani.

15. Ikishanoki

Wengi hukimbilia injini ya eksi-Japani kutoka Nairobi, Barabara ya Kirinyaga au Industrial Area. Ni njia halali, lakini ifanyie kazi ikiwa bado chini sakafuni, ambapo kila kitu kinafikika. Fungua sampu uone kama kuna chembe. Pima mbano wa silinda zote nne, na zisitofautiane sana. Badilisha mkanda, kikaza, roli, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krankshafti kabla haijaingia. Osha au ubadilishe kipoza-oili na mabomba ya turbo ya zamani, kwa sababu chembe za beringi zilizoiua injini ya kwanza zimelala humo zikingoja ya pili. Mara ya kwanza kuwasha, chomoa injekta zote na upige stata hadi taa ya oili izime, ndipo uzirudishe. Halafu peleka namba mpya ya injini NTSA ibadilishwe kwenye logibuku kabla hujaanza tena kushuka kwenda Kisumu.